Pua Iliyosimama Getini

Kama kuna mtu aliyewahi kuajiriwa kwa sababu ya pua, basi ni Kipngeno arap Chumo wa Silibwet. Wengine waliingia kiwanda cha majani chai kwa cheti, wengine kwa mjomba aliyekuwa karani. Yeye aliingia kwa pua, na kwa miaka kumi na minne pua ikamlisha, ikamvalisha, ikamsomeshea watoto wanne. Mwenyewe alipenda kuwaambia wageni hivyo, huku akiigusa kwa kidole. Lakini haikuwa pua ya kupendeza. Ilikuwa pana, na ilikuwa imelala upande wa kushoto tangu ndama alipoigonga zamani za utoto.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Majani yakishanyauka, hupitishwa kwenye rola zenye meno zikayasaga, kisha hutandazwa katika chumba cha kuchachusha, chenye unyevu, mpaka yageuke kutoka kijani hadi rangi ya shaba. Yakitolewa mapema, chai huwa na ladha ya nyasi. Yakichelewa, huwa kama maji yaliyooshea sufuria. Saa yake nzuri ni dakika chache tu, nayo hubadilika siku kwa siku, mvua kwa jua. Anayeijua ni mtu wa kuchota konzi ya majani, akaifumbata, akaileta puani. Mwanzo hunuka nyasi mbichi, halafu kidogo kidogo hugeuka yakanukia tunda lililoiva. Hapo Kipngeno alikuwa akiinua mkono juu, na watu wazima sita walikuwa wakikimbia na vitoroli kuelekea kwenye kikaushio. Mkono mmoja tu. Hata chifu hakuwa na mkono wa namna hiyo.

Sheria za chumba kile zilikuwa kali. Mtu wa pua havuti tumbaku, hajipaki manukato, hali kitunguu kibichi kabla ya kazi. Kipngeno alizitilia sahihi mwaka wa themanini na mbili, kwa mwandiko mzuri sana.

Sasa, mwaka wa tisini na sita, mfanyakazi mmoja alikuja asubuhi pombe ya busaa ikiwa bado imemkaa kichwani, akaacha vidole viwili kwenye rola. Meneja mpya, Bwana Kiptum, mtu mrefu wa maneno machache, aliwakusanya watu akatangaza kwamba tangu siku hiyo hakuna atakayepita getini bila kupimwa kama amelewa. Mara ya kwanza ukipatikana unarudishwa nyumbani na barua ya onyo. Mara ya pili, vivyo hivyo. Mara ya tatu kazi imekwisha, na nyumba ya laini uliyopewa na kiwanda unairudisha. Mashine ya kupuliza ilikuwa imeshaagizwa kutoka Nairobi.

Mashine haikufika. Ikasemekana iko njiani, ikasemekana iko bandarini, kisha ikasemekana imefika ila kumbe ni ya kupimia presha. Ndipo katika kikao cha wakubwa mtu mmoja, ambaye Kipngeno hajawahi kumjua ili amlaani vizuri, akauliza kwa nini wanahangaika na mashine ilhali kiwanda kina pua ya arap Chumo. Wote wakaona ni jambo la busara. Pua inayoweza kutofautisha majani ya dakika hamsini na ya dakika hamsini na tano itashindwaje na busaa?

Kipngeno akashonewa koti jeupe. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye majani, akawa anasimama getini kama daktari, watu wakija mmoja mmoja, wakifungua vinywa na kumpulizia "haaa" usoni. Yeye hufumba macho, hunusa, hungoja kidogo ili ionekane kazi ni ngumu, kisha husema "pita" au "kando".

Tatizo lilikuwa moja tu. Pua ile ilikuwa imekufa.

Ilikufa kwa heshima, na heshima ndiyo iliyowaponza wanaume wengi wa kwetu. Miaka mitatu nyuma alikwenda Sigor kumwona baba mkwe. Mzee yule alitoa ugoro wake, akamimina kidogo kwenye kiganja cha mkwewe. Sasa wewe niambie, mtu anakataaje kilichotoka mkononi mwa baba mkwe, mbele ya shemeji zake wote? Akanusa. Akapiga chafya saba, macho yakajaa machozi, kisha kichwa kikawa chepesi, kikawa safi kama anga baada ya mvua. Aliporudi Silibwet alimtafuta mama mmoja sokoni anayeuza ugoro wa magadi, akanunua kidogo, wa siku moja tu. Siku hiyo moja ikawa miaka mitatu.

Alijitetea vizuri sana, kwa kuwa wakili wake alikuwa yeye mwenyewe. Ugoro hauvutwi, hunuswa. Sheria imesema kuvuta. Ugoro hauna moshi. Ugoro ni dawa ya mafua, na mafua ni adui wa pua, kwa hiyo anayenusa ugoro analinda mali ya kampuni. Alikuwa shemasi kanisani pia, na kanisani tumbaku ilikuwa dhambi iliyotajwa kwa jina, kwa hiyo aliufungia ugoro wake katika kikopo cheusi cha filamu ya kamera, akakificha kwenye mkunjo wa kofia. Aliyejua ni mkewe Rodah peke yake. Rodah ndiye aliyefua leso.

Na Rodah ndiye aliyegundua msiba. Masika ya mwaka wa tisini na tano alitoka kuchota maji akaacha maziwa jikoni. Aliporudi alikuta moshi mlangoni, maziwa yameungua yamekuwa lami chini ya sufuria, na mumewe ameketi hatua tatu kutoka motoni akisoma gazeti la wiki iliyopita. Rodah hakupiga kelele. Aliondoa sufuria, akamtazama.

"Baba Chepchumba," akasema, "wewe hunusi."

Kipngeno alikataa. Akachukua sabuni akanusa, akachukua kitunguu, akaenda hadi zizini akainama juu ya samadi mpaka ng'ombe mwenyewe akageuka kumtazama. Hakupata kitu. Ilikuwa kama kuchungulia dirisha lililopakwa chokaa.

Mtu mwingine angekwenda kwa meneja. Kipngeno alikwenda kazini. Alichota konzi ya majani, akaileta puani, akafumba macho, na kwa upande wa jicho moja akatazama saa ya ukutani. Akaongeza dakika kidogo kukiwa na baridi, akapunguza kukiwa na jua, akaangalia rangi, akagusa joto kwa mgongo wa mkono, kisha akainua mkono juu. Watu sita wakakimbia. Aliishi kwa hofu mpaka taarifa ya mnada ilipokuja kutoka Mombasa, akingoja kusomewa aibu yake. Taarifa ikasema chai ya kiwanda chao imesifiwa kuliko mwaka uliopita. Jambo hilo lilimuuma zaidi ya kufukuzwa. Miaka yote kumi na mitatu aliyojigamba na pua, kumbe saa ya ukutani ingetosha.

Basi, huyo ndiye aliyewekwa getini kunusa walevi.

Alipimaje? Alipima kwa macho na kwa uvumi. Mwenye macho mekundu, kando. Anayeyumba, kando. Anayesalimia kwa furaha kupita kiasi Jumatatu asubuhi, kando kabisa. Na kwa kuwa walevi wengi wa kiwanda walikuwa wanajulikana, alipatia mara nyingi, na kila alipopatia sifa ya pua ilipanda. Baadhi ya watu waliacha kunywa Jumapili kwa kuiogopa. Rodah alimwambia siku moja kwamba ni ajabu, mfu yule anafanya kazi nzuri kuliko alipokuwa hai. Kipngeno alicheka, kisha akasukuma sahani pembeni.

Kisha akaja Alfayo Ombati.

Alfayo alikuwa Mkisii aliyelisha majani kwenye rola, kijana wa miaka thelathini hivi, mpole, asiye na maneno. Mkewe Jerusa alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza ambaye hakulala usiku wala mchana. Alfayo akafika getini macho yamewiva kama pilipili. Kipngeno akanusa, akangoja, akasema kando. Alfayo akasema hajaonja pombe tangu aoe. Wote waliowahi kuwekwa kando walikuwa wamesema hivyo hivyo, na barua ikaandikwa. Wiki mbili baadaye Alfayo alifika akiyumba kwa usingizi, akajikwaa kwenye kizingiti cha geti. Kando. Barua ya pili.

Jumatatu iliyofuata, Alfayo alikuja akitembea wima, macho makavu, akamkazia Kipngeno macho moja kwa moja. Hakumwita mzee kama kawaida yake. Alipuliza kwa nguvu hadi ukosi wa koti jeupe ukatikisika. Kipngeno alikasirika, aliona amedharauliwa mbele ya foleni nzima. Akasema kando.

Nyuma ya Alfayo alikuwapo Kipyegon, binamu ya Rodah, wa kitengo cha kunyausha majani. Kipyegon aliwahi kuwa askari wa gwaride, na hata akinywa pipa zima husimama kama mlingoti wa bendera. Alisimama hivyo. Akauliza hali ya nyumbani, akauliza hali ya ndama. Kipngeno akasema pita. Saa nne mchana walimkuta Kipyegon amelala fofofo ndani ya kihori cha kunyaushia, amejifunika majani hadi kidevuni, kofia ameiweka vizuri kando. Ilibidi watu wanne wamtoe. Harufu yake, walisema, ilifika hadi ofisini.

Hapo ndipo maneno yalipobadilika. Kwenye laini watu wakaanza kusema kwamba pua ya arap Chumo hunusa kabila kwanza, pombe baadaye. Miaka minne tu ilikuwa imepita tangu watu wa kabila lake na Wakisii wa mpakani wachomeane nyumba, na neno kama hilo halikuwa la mchezo. Kipngeno alilisikia akiwa kwenye kibanda cha chai, akaondoka kabla ya kumaliza kikombe. Angeweza kuitwa mwongo, hilo alilistahili. Lakini kuitwa mbaguzi, yeye aliyezaliwa mpaka mmoja na kina Ombati na kucheza nao mpira wa matambara? Tena jibu alikuwa nalo kichwani, limefungiwa kwenye mkunjo wa kofia, na kulitoa ni kupoteza kazi.

Jumatano Alfayo aliitwa ofisini kwa shauri la mwisho. Alikuwapo meneja, alikuwapo Kipngeno na koti lake, na alikuwapo Omwenga, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, Msabato safi ambaye hata kahawa hanywi. Nje, kwenye benchi, Jerusa aliketi na mtoto. Kupitia dirisha walisikika wote wawili, mtoto akilia na mama akimbembeleza kwa Kikisii.

Omwenga alisema kwamba kabla pua haijamfukuza mtu, na yenyewe ipimwe. Akaweka mezani chupa tatu zilizozungushiwa magazeti. Mbili zilikuwa na maji na moja pombe kali ya chang'aa, ambayo aliieleza kuwa aliiomba kwa askari wa geti kutoka kwa vitu vilivyokamatwa, akirudia mara mbili kwamba hakuigusa ila kwa shingo ya chupa. Meneja akakubali.

Kipngeno aliinua chupa ya kwanza akanusa. Hakuna. Ya pili, hakuna. Ndipo alipokumbuka jinsi Omwenga alivyoziweka. Mbili alizishika kama mtu anayeshika chupa. Ya tatu aliibeba mkono umenyooka, uso ameugeuza pembeni, na alipoiweka alipangusa vidole kwenye suruali. Kipngeno akainusa ile ya tatu kwa muda mrefu, akafumba macho na kungoja kidogo kama kawaida yake.

"Hii," akasema.

Meneja akafungua gazeti, akanusa, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Omwenga akainamisha uso. Shauri lilikuwa limekwisha. Pua imeshinda, meneja akasema, na akachukua kalamu.

Alfayo hakulia wala hakutukana. Aliuliza jambo moja tu, kama wanaweza kubaki kwenye nyumba mpaka mwisho wa mwezi, maana mtoto ana kifua na kijijini kwao paa halijaezekwa. Aliuliza kwa sauti ya chini, akimtazama meneja, na hakumtazama Kipngeno kabisa.

Kipngeno alikuwa ameshafika mlangoni. Angeweza kutoka. Hata leo akisimulia husema kwamba miguu ilitaka sana kutoka, ila kichwa kilikuwa kimevaa kofia nzito. Aligeuka, akaivua, akachomoa kikopo cheusi cha filamu, akakiweka mezani juu ya barua ambayo haijatiwa sahihi.

"Ni ugoro, Bwana Meneja," akasema. "Sijanusa kitu tangu masika ya mwaka jana. Sijui kama huyu alikuwa amekunywa. Sijui kama kuna yeyote aliyekuwa amekunywa. Hiyo chupa nimeijua kwa vile Bwana Omwenga alivyoishika."

Meneja alifungua kikopo, akachungulia, akapiga chafya. Alimtazama Kipngeno, akatazama dirisha linaloelekea chumba cha kuchachusha majani, na uso ukambadilika kama mtu aliyegundua kwamba amekula kwa miezi mingi bila kuuliza ni nyama ya nini.

"Na majani?" akauliza.

Kipngeno akamweleza habari ya saa ya ukutani. Inasemekana meneja alisamehe mengine yote lakini hilo la saa hakulisahau hadi alipohamishwa.

Alfayo alirudishwa kazini siku hiyo hiyo, barua zote tatu zikachanwa. Kipyegon alipata barua yake ya kwanza, safari hii bila msaada wa pua ya mtu. Kipngeno alinyang'anywa koti jeupe akapelekwa uwanja wa kuni, kupanga magogo ya mkaratusi ya kulisha boila. Kanisani alivuliwa ushemasi kwa miezi sita. Wale watu sita wa vitoroli walikuwa wakipita karibu na uwanja wa kuni wakiinua mkono mmoja juu, wote pamoja, wakicheka mpaka wanashikana mabega. Yeye naye aliwainulia mkono. Angefanya nini?

Mashine ya kupuliza ilikuja hatimaye, ya kweli, na kila asubuhi Kipngeno akawa anapiga foleni na kuipuliza kama watu wengine. Ugoro aliuacha. Usimwambie mtu kwamba ilikuwa rahisi. Wiki ya kwanza aligombana na Rodah, na ng'ombe, na redio.

Mwezi wa tano baada ya shauri, alikuwa akipasua gogo bichi, na kitu kikampiga usoni. Aliangusha shoka. Aliinama, akaleta kibanzi puani. Mkaratusi. Harufu ilikuwa nyembamba, kwa mbali sana, lakini ilikuwa ya mkaratusi. Alikaa juu ya gogo akalia kama mtoto, na wenzake wakadhani amejikata. Jioni alipofika nyumbani alinusa moshi wa jikoni, akanusa maziwa ya mursik kwenye kibuyu, akanusa kitambaa cha kichwa cha Rodah hadi mwenyewe akamsukuma akimwambia watoto wanaona.

Jumapili alikwenda kwenye laini kumpasha Alfayo habari. Tangu siku ile Alfayo alikuwa akimheshimu kupita kiasi, akimwita mzee aliyeniokoa, mbele ya watu, na kila mara Kipngeno alitamani ardhi ipasuke. Jerusa alimkaribisha, akamimina chai, akatoka na mtoto kwenda kwa jirani. Wanaume wawili wakabaki na vikombe vyao.

"Alfayo," akasema, "pua yangu imerudi."

Alfayo alirudisha kigoda nyuma. Kidogo tu, kiasi cha shibiri moja, lakini alikirudisha.

"Mzee, kuna neno sijawahi kukuambia," akasema. "Hizo mara mbili za kwanza nilikuwa mkavu. Naapa kwa mtoto. Ile ya tatu nilikuwa nimekunywa. Ulipoandika barua ya pili, majirani wote waliniita mlevi, hata Jerusa akaanza kuninusa. Nikaona kama jina ninalo tayari, heri ninywe. Sikuwa nimewahi. Nilikuja nikakupulizia makusudi, uninuse vizuri, halafu nikuone utasema nini."

Kipngeno aliweka kikombe chini. Mara zote tatu, moja tu ndiyo aliyopatia, na hiyo aliipika mwenyewe. Aliona haya kuliko siku ya ofisini, kuliko siku ya kuvuliwa ushemasi, na hakukuwa na kikopo cha kutoa kofiani kuyamaliza.

"Basi ni mimi niliyekunywesha," akasema. "Nisamehe, ndugu yangu."

Alfayo alivuta kigoda mbele mpaka magoti yao yakakaribia kugusana, akainua kidevu, akafungua kinywa.

"Haaa," akapuliza. "Nipime sasa."

Kipngeno akafumba macho, akanusa, na safari hii hakungoja ili ionekane kazi ni ngumu. Palikuwa na maziwa, na moshi wa kuni, na majani ya kiwanda chao.

"Ni chai tu," akasema. "Na waliitoa mapema. Dakika tano."